Mfanyakazi Msumbufu: Soma Dalili Kabla Hujaandika Barua

Mwongozo huu ni kwa anayesimamia watu wachache bila kuwa na ofisa utumishi pembeni: meneja wa mgahawa, msimamizi wa duka la jumla, fundi mkuu wa gereji, mkuu wa zamu kwenye famasi. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania Bara, ambako mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Na. 42. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, kwa hiyo aliyeko huko achukue ushauri wa kushughulika na watu, ila vifungu avitafute kwake.

Ninachokisimamia ni hiki: wengi wanaoitwa wasumbufu wana tatizo ambalo msimamizi angelijua mapema kama angeangalia linatokea lini, wapi na mbele ya nani. Wapo pia wasumbufu wa kweli. Hao nao hawatoki salama mikononi mwa meneja aliyekuwa akiangalia na kuandika. Wanatoka salama kwa yule aliyekuwa akinung'unika tu.

Kwanza kabisa: ondoa sifa, andika tukio

Chukua daftari ulitenge kwa kazi hii tu. Kila jambo liandike siku lilipotokea: tarehe, saa, nani alikuwepo, nini kilisemwa au kufanywa. Ona tofauti ya maandishi haya mawili. La kwanza: "Ana dharau sana huyu kijana." La pili: "Jumanne saa 3 asubuhi nilimwambia apange maboksi ya mafuta ya kula rafu ya chini. Akajibu mbele ya wateja wawili, 'Mwambie mwingine,' akaendelea na simu. Maboksi yalipangwa na mwenzake saa 4 na nusu." La kwanza ni hasira yako. La pili ni jambo ambalo mwenyewe anaweza kulikubali, kulikanusha au kulieleza.

Mambo yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. "Ana dharau" huwezi kuithibitisha kwa lolote.

Ukishaandika, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu: anajua anachotakiwa kufanya? Anaweza kukifanya? Anataka kukifanya? Wasimamizi wengi huanza na la mwisho na kuishia hapo hapo. Jaribio la swali la kwanza ni jepesi. Mwambie akueleze kazi yake yeye mwenyewe, kuanzia anapoingia hadi anapofunga. Utashangaa ni mangapi uliyadhani anayajua ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Mhudumu anayeacha meza chafu mwisho wa zamu huenda tangu aajiriwe anaamini kwamba usafi wa jioni ni wa zamu inayoingia, kwa sababu aliyemfundisha kazi ndivyo alivyofanya.

Dalili: anachelewa, au kuna siku haonekani

Usianze na onyo. Anza na kitabu cha mahudhurio, ukisome kwa miezi miwili mitatu ukitafuta mtindo.

Akichelewa kila siku kwa muda ule ule, nusu saa au dakika arobaini, angalia usafiri na ratiba ya nyumbani. Anayetoka Mbagala kuja Mwenge kwa zamu ya saa 12 asubuhi anategemea daladala mbili zijae na ziondoke alfajiri, na wakati wa masika hesabu hiyo huvurugika kabisa. Mama mwenye mtoto wa shule anayengoja basi la shule saa 12 na robo hatawahi kufika saa 12 na nusu hata umpe maonyo matano. Hapa dawa ni kubadilisha zamu, kama biashara inaruhusu. Na kama hairuhusu, mweleze wazi na umpe muda wa kujipanga.

Akikosekana Jumatatu tu, au siku inayofuata malipo, tazama pombe na mambo ya wikiendi. Mzungumzie kuhusu Jumatatu. Usimzungumzie kuhusu pombe ambayo hujaiona.

Akianza kupotea katikati ya siku, anatoka nje kupokea simu, hataki kukaa kaunta, anaomba mshahara kabla ya tarehe, jua uwezekano mkubwa ni deni. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, imewaharibia kazi watu wazuri sana, na wadai wake huwa hawaoni haya kumfuata mtu kazini. Wengine wamezama kwenye kubeti. Ukimkuta katika hali hiyo, kikao cha faragha cha robo saa kinafaa kuliko barua tatu. Si lazima umlipie deni, na binafsi sishauri msimamizi amkopeshe mtu anayemsimamia. Unachoweza ni kukubaliana naye kwamba wadai hawaji dukani, simu zinapokelewa saa ya mapumziko, na kazi inaendelea.

Mahudhurio yasiyo na mtindo wowote, mtu anakosekana leo na wiki ijayo tena, mara nyingi ni ugonjwa wake au wa mtu anayemuuguza. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Omba cheti cha daktari. Usiombe jina la ugonjwa, na usikubali mtu yeyote ofisini aanze kubahatisha hali ya mtu ya VVU; kubagua kwa sababu hiyo kumekatazwa waziwazi. Mgonjwa hashughulikiwi kama mkosaji. Ana njia yake kisheria, na inaanza kwa kuuliza ni kazi gani nyepesi anayoweza kufanya.

Ukishaondoa hayo yote na bado mtu hatokei kwa makusudi, kanuni ziko upande wako: kukosekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kueleweka kunahesabiwa kosa kubwa. Hata hivyo mtafute kwanza. Piga simu, tuma ujumbe, uliza kwa ndugu aliyemwandika kwenye fomu ya ajira, na uandike kwamba ulifanya hivyo.

Dalili: anabisha, anajibu, hataki kuambiwa

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mameneja vijana wanapoumia.

Tenganisha kwanza mambo mawili yanayofanana kwa sauti. Kuna mtu anayehoji: "Bosi, tukipanga hivyo mzigo wa nyuma hautatoka." Na kuna anayekataa: "Sifanyi." Wa kwanza anakusaidia hata kama sauti yake inakera. Ukimnyamazisha, siku mzigo unakwama hatakuambia kitu, na wenzake watakuwa wamejifunza kutoka kwake. Wa pili ndiye mwenye kosa, na hata yeye kosa linakuwepo tu kama amri yenyewe ilikuwa halali na ya kawaida katika kazi yake. Dereva anayekataa kutoa gari lenye breki mbovu hajafanya utovu wa nidhamu.

Chanzo cha pili ni kupitwa. Aliyetegemea kupandishwa cheo, akaletwa mtu wa nje, mara nyingi hubisha kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyemweleza kwa nini hakupata. Mwite umwambie ukweli, hata kama haupendezi: alikosa nini, na akikipata nini kitafuata. Ahadi usiyo na uwezo wa kuitimiza usiitoe.

Chanzo cha tatu ni umri. Kijana wa miaka 27 ametoka chuo, anakabidhiwa stoo ambayo mzee wa miaka 55 ameitunza tangu kijana yuko shule ya msingi. Kijana akija na sauti ya amri, anapoteza. Akija na woga, akamwacha mzee afanye anavyotaka kwa sababu ya heshima, anapoteza pia, na stoo inapotea naye. Njia ipo katikati. Heshima inabaki kwenye namna ya kusema; agizo lenyewe halilegezwi. Linaweza kwenda hivi, wawili tu, mlango umefungwa:

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Nina jambo la stoo, nimeona tulizungumze wawili. Wiki hii mzigo umetoka mara mbili bila kuingizwa kwenye mfumo. Kuanzia leo hakuna kinachotoka bila kuingizwa, hata kama anayechukua ni mimi mwenyewe. Kuna kitu kinakuzuia mzee?"

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kumtafutia sababu. Mara nyingi baada ya muda litatoka jambo ambalo hukulitegemea: haoni vizuri maandishi ya kompyuta na anaona aibu kusema, au mfumo ulipowekwa alifundishwa siku moja na fundi aliyekuwa na haraka. Miwani na siku mbili za kukaa naye kwenye kompyuta vinamaliza ugomvi ambao ungeishia CMA. Akisema hakuna kinachomzuia, basi mmeelewana kuhusu agizo, na unaandika tarehe ya mazungumzo hayo. Likirudiwa, onyo la maandishi linafuata, mzee au si mzee. Kumwacha kwa sababu ya umri ni kuwaonea wengine wote.

Na ukijibiwa vibaya mbele ya watu, usirudishe pale pale. Sema, "Tutalizungumza saa 8," umalize shughuli iliyopo, na saa 8 iwe saa 8. Ukisahau, waliokuwepo hawatasahau.

Dalili: aliyekuwa mzuri ameshuka

Uliza kilichobadilika karibu na tarehe aliyoanza kushuka. Mshahara umeanza kuchelewa? Mwenzake aliondoka na kazi za wawili zikawa zake bila mtu kusema lolote? Amefiwa? Umebadilika wewe? Ukimwona amepoa kwa kila kitu, haombi, habishi, hachangii kikaoni, huo ni mgomo baridi wa mtu mmoja, na kwa kawaida amekwisha kukata tamaa na jambo alilolisema zamani likapuuzwa. Rudi kwenye daftari na kwenye meseji zenu ulitafute.

Utendaji duni una utaratibu wake na haufanani na ule wa makosa. Mtu anatakiwa aelezwe kiwango kinachotakiwa, asaidiwe au afundishwe, apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha, na aambiwe kitakachofuata asipofikia. Andika kiwango kwa kitu kinachopimika. "Ongeza bidii" haipimiki. "Oda zote za asubuhi ziwe zimefungwa kabla ya saa 5" inapimika.

Dalili: wanakataa muda wa ziada au zamu ya usiku

Akikataa mmoja, muulize yeye. Wakikataa wengi, angalia malipo kabla hujamtafuta mchochezi. Saa za kawaida mwisho wake ni 45 kwa wiki. Zinazozidi zinahitaji makubaliano, zisipite saa 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Ukikuta hawalipwi hivyo, umeshapata chanzo, na chanzo hicho kiko kwa mwajiri.

Dalili: majungu na makundi

Majungu hukua mahali ambapo habari haziji kwa njia ya kawaida. Orodha ya zamu ikitoka bila maelezo, nafasi ikijazwa kimyakimya, watu wataziba pengo wenyewe. Angalia pia pesa za wenyewe kwa wenyewe: upatu au kikoba cha kazini kilichovunjika kinaweza kugawanya jikoni nzima mara mbili, na wewe ukadhani ni mambo ya zamu.

Lipo jambo moja ninalolipinga kwa nguvu zote, nalo ni msimamizi kujiwekea mtu wa kumletea habari. Mtu huyo ataleta zinazomfaa, wenzake watamjua ndani ya wiki, na kuanzia hapo hakuna atakayekuambia ukweli uso kwa uso. Ukiletewa neno, muulize aliyelileta kama yuko tayari kulisema mwenyewe mbele ya mhusika. Asipokuwa tayari, usimwite mhusika kwa "watu wanasema." Angalia mwenyewe.

Dalili: hesabu hazifungi

Shoti, yaani pesa kupungua kwenye hesabu, ikitokea mara kwa mara, usiseme neno "mwizi." Kwanza funga mianya: droo moja ya pesa inayotumiwa na watu watatu, nywila moja ya mfumo ambayo duka zima wanaijua, malipo ya simu yanayohesabiwa jioni bila kulinganishwa na ujumbe wa muamala. Kila mtu akiwa na droo yake na akifunga hesabu yake mbele ya msimamizi, ndani ya muda mfupi utaona kama tatizo linamfuata mtu au linabaki kwenye kaunta.

Kukata mshahara mzima kufidia shoti ni kosa la mwajiri. Kwa hasara aliyoisababisha, mfanyakazi anatakiwa apewe nafasi ya kujieleza na akubali deni kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya malipo yake.

Kuna mtego mwingine. Wengi hukimbilia polisi siku ile ile, halafu wiki inayofuata wanaandika barua ya kufukuza. Akishafunguliwa shitaka la jinai kwa jambo hilo hilo, huruhusiwi kumchukulia hatua ya nidhamu kwa jambo hilo hadi mahakama imalize, pamoja na rufaa. Tafuta ushauri wa mtu wa sheria kabla hujachagua uanzie wapi.

Dalili: "Kaletwa na bosi"

Huyu ni shemeji au mtoto wa shangazi wa mwenye mali. Kabla hujamgusa, zungumza na mwenye mali, umwonyeshe daftari, umuulize swali moja tu: sheria za hapa zinamhusu au hazimhusu? Akijibu hazimhusu, mwombe amwondoe kwenye orodha yako, awajibike kwake. Usikubali kubaki na mtu usiyeweza kumsimamia lakini makosa yake yanaandikwa kwako.

Dalili isiyosubiri

Mtu anayetukana wenzake, anayepiga, au anayewasumbua wasichana wa hapo kazini kwa maneno na mikono hana haja ya maswali matatu. Haijalishi anauza kuliko wote. Mtenganishe na anayelalamika siku hiyo hiyo, kwa kumhamisha yeye na si mlalamikaji, chukua maelezo ya maandishi, na uanze uchunguzi. Sheria inauhesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Mwajiri aliyejua akanyamaza hana pa kujifichia.

Ukishajaribu na imeshindikana

Fuata mstari, usiruke. Chunguza. Mpe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Mruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kikao kiongozwe na mtu asiyekuwa ndani ya ugomvi wenyewe, na hapa biashara ndogo hukwama kwa sababu bosi ni shahidi, mlalamikaji na hakimu. Omba meneja wa tawi jingine au mtu wa nje anayeheshimika. Andika kila kilichosemwa. Uamuzi utolewe kwa maandishi pamoja na sababu, na aambiwe ana haki ya kukata rufaa.

Usimlazimishe aandike barua ya kuacha kazi, na usimpunguzie zamu au kumhamisha ili achoke aondoke mwenyewe. Sheria inakuhesabu umemwachisha wewe. Anayedai kuachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika CMA, na mwajiri akishindwa, fidia inaweza kufikia mishahara ya miezi mingi, ukiacha malipo yake mengine. Kwa mfanyakazi aliye chini ya miezi 6, vifungu vya kuachishwa isivyo halali havimhusu. Ndiyo maana kipindi cha majaribio kinastahili macho yako yote. Shaka uliyokuwa nayo mwezi wa pili ishughulikie mwezi wa pili.

Siku ya kuondoka alipwe chake: siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, notisi pale inapostahili, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, hadi miaka 10, humhusu aliyefanya kazi mwaka mzima au zaidi, ila hakitolewi kwa aliyeachishwa kihalali kwa kosa la nidhamu.

Asubuhi inayofuata, kusanya waliobaki kwa dakika tano. Waambie fulani hayupo nasi tena, kazi zake zinagawanywa hivi, zamu mpya ni hizi, mwenye swali la zamu aulize sasa. Sababu zake usizitaje, hata wakikuuliza pembeni.